Dhamana ya Ziada

Chumba hakina dirisha. Kina kalenda ya benki,
bakuli la peremende za mnanaa zilizoshikana,
na kijana aitwaye Tanner, tai imemwishia tumboni,
anayenisukumia karatasi kwa kidole kimoja
kama anayemlisha paka asiyemwamini.

Gari tumeshaelewana. Subaru ya kijivu,
maili elfu tisini na nane,
mwenyewe wa kwanza mwalimu wa piano kule Cloquet.
(Ndivyo wasemavyo. Hakuna gari kuukuu
lililowahi kuwa la mlevi.)

Sasa hii: dola elfu moja mia tisa na arobaini.
Miaka mitatu. Injini, giaboksi, mambo ya umeme.
"Kinga ni bora kuliko tiba, Bi Haugen."
Ananiambia mimi,
niliyekesha miaka ishirini na sita wodi ya moyo, ghorofa ya nne.
Kinga naijua. Tiba naijua.
Namjua na anayeletewa bili.

Nikavaa miwani, nikageuza karatasi.
Herufi ndogo kama mayai ya chawa:
kutu haimo, breki hazimo, klachi haimo,
mikanda, mipira, balbu,
na chochote kinachochakaa kwa kutumika.
Kwani gari hufa kwa nini kingine?
Hapa Duluth barabara hutiwa chumvi toka Novemba,
na chumvi hulila gari kutoka chini, taratibu, bila kelele,
mpaka siku unakanyaga breki
na lami inakuchungulia.

Orrin angeinunua.
Orrin alinunua dhamana ya redio, ya mashine ya nyasi, ya saa ya mkononi.
Alizitunza kwenye boksi la viatu,
kila moja na tarehe ya mwisho kwa wino mwekundu.
Friza la chini alilikatia ya miaka kumi.
Nikamcheka. Akasema, cheka tu,
wewe hujui chuma kinavyogeuka.

Friza halijawahi hata kukohoa.
Yeye alianguka uani, Oktoba, reki mkononi,
lundo la majani likiwa nusu,
miaka hamsini na tisa.
Nilipekua lile boksi usiku ule. Sijui nilitafuta nini.

Bado kuna paketi saba za kulungu mle frizani,
mwandiko wake juu ya kila moja: *Paja. Novemba.*
Baridi mbili zimepita. Nafungua, natazama, nafunga.

Tanner anagongagonga kalamu.
Ni dola hamsini na nne tu kwa mwezi, asema, bei ya kahawa.
(Sijui anainywea wapi.)
Namwuliza: na wewe, gari lako umelikatia?
Anatazama peremende. Masikio yanamwiva.
"Mimi hupanda basi," asema,
na tunacheka wote wawili,
kicheko cha watu waliofumaniwa.

Ningependa kusema nilikataa kishujaa.
Nilifikiria giaboksi. Nilifikiria mteremko wa kwangu
usiku wa barafu, saa nane, kutoka zamu.
Nilifikiria akiba, ambayo ni elfu tatu na chenji.
Mara mbili nilishika kalamu.
Mara ya tatu nikaiacha mezani,
nikachukua peremende, ikaning'ang'ania jinoni,
nikasema "hapana" kwa mdomo uliojaa.

Njiani gurudumu la mbele, kushoto, lina mlio.
Tik. Tik.
Nikizima redio, unazidi.
Labda ni kokoto. Labda ni dola mia nane.
Ziwa limeganda mpaka jicho linapoishia,
na mimi naendesha shingo upande, nikisikiliza,
kama nilivyosikiliza vifua vya watu wasionijua.

Nyumbani sikuvua koti.
Nilishuka ngazi, nikainua kifuniko,
nikatoa paketi moja,
nikaiweka kwenye sinki iyeyuke.
Wino ulianza kuchuja kabla ya barafu.
Chini, friza lilinguruma, likanyamaza, likanguruma tena.
Bado lina miaka minne.